Kipokezi Kinajiuliza Nini?

Mwalimu mmoja kijana wa chuo cha ufundi hapa Nairobi ameniandikia hivi: "Mhandisi, nimekabidhiwa somo la utangulizi wa mifumo ya mawasiliano, ya analojia na ya dijitali, kwa wanafunzi 46 wa uhandisi wa umeme. Mtaala unaanza na AM, unakwenda FM, na dijitali inafika wiki za mwisho tukikimbizana na mtihani. Wanafunzi wananiuliza mbona wajifunze analojia ilhali hata TV zilihama zamani. Osiloskopu inayofanya kazi ni moja. Nianzie wapi ili waelewe, wasikariri tu?"

Mwalimu, swali lako nimelisoma mara mbili, kwa sababu limenirudisha mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha. Nilianza na hesabu za Fourier ubaoni, nikaingia AM (ujumbe hubadilisha kimo cha wimbi), nikaingia FM (ujumbe husogeza masafa yake) na jedwali la Bessel, na kufikia wiki ya nne darasa lilikuwa kimya kabisa, kila mtu ameinama ananakili. Mtihani waliupita. Mmoja wao, aliyekuwa akiongoza darasa, alikuja baadaye kufanya mazoezi ya kazi mahali nilipokuwa. Nikamwuliza kwa nini ishara ya dijitali ikifika katikati ya safari hatuikuzi tu kwa amplifaya tukaiacha iendelee. Akachukua kalamu akaniandikia mlinganyo wa upana wa bendi ya FM, yaani nafasi ya masafa inayochukua. Kosa halikuwa lake. Nilikuwa nimempa majibu ya maswali ambayo hakuna aliyewahi kumwuliza.

Kwa hiyo usianze na AM, wala usianze na dijitali. Anza upande wa pili wa safari, kwa kipokezi, na umwulize mwanafunzi: ishara ikishafika hapa, imechoka na imechafuka, kipokezi kinajiuliza nini?

Kipokezi cha analojia kinajiuliza: ni kiasi gani? Volti ngapi, au masafa yamesogea kwa kiasi gani. Jibu lolote linawezekana na kila jibu ni halali. Kipokezi cha dijitali kinajiuliza: ni ipi? Ni ipi kati ya hizi chache ambazo mimi na mrushaji tulikubaliana tangu mwanzo? Zinaweza kuwa mbili, zinaweza kuwa 64, lakini zina hesabu. Mwanafunzi akilishika hilo siku ya kwanza, mambo mengi ya muhula huu atayafikia kwa akili yake mwenyewe: kelele, makosa ya biti, kwa nini picha ya TV huganda ghafla, kwa nini sauti ya simu ya Mombasa haichoki njiani.

Siku hiyo hiyo waambie kwamba waya haujui dijitali. Hewa haijui, faiba haijui. Volti inapanda na kushuka, mwanga unang'aa na kufifia, basi. Wanafunzi wengi hufika mwaka wa tatu wakiamini kuwa mtandao wa 4G unatuma hewani mawimbi ya mraba yenye kona kali, kama yale ya kwenye mchoro. Ukiitazama ishara ya 4G ilivyo, inafanana na kelele tupu. Udijitali wake umo katika makubaliano baina ya mrushaji na mpokeaji.

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mfikirie mzee aliyeisikia akiwa shambani, upepo unavuma, mbwa wanabweka. Hakuhangaika kama pembe imepulizwa vizuri au imekwaruza. Alitaka kujua kimoja: imelia au haijalia. Huyo ni kipokezi cha biti moja, na upepo ulihitaji kuwa mkali mno ili umkoseshe. Mlinganishe na mtu anayesikiliza taarabu kwenye redio yenye mkwaruzo. Mkwaruzo ni sehemu ya anachosikia. Redio haina namna ya kuutenga na fidla, kwa sababu kwa swali la "kiasi gani" mkwaruzo nao ni jibu.

Wakikwambia analojia ni ya kale na dijitali ni ya kisasa, warudishe kwenye historia kidogo. Telegrafu ya Samuel Morse ilipeleka ujumbe kati ya Washington na Baltimore mwaka 1844. Simu ya sauti ya Alexander Graham Bell ilipata hataza mwaka 1876. Nukta na mistari vilitangulia. Reli ilipofika hapa Nairobi mwaka 1899 ilikuja na waya wa telegrafu kando yake, kwa hiyo mji huu ulianza na mawasiliano ya dijitali kabla haujawa na lami. Hata neno letu "simu", ambalo asili yake ni Kiajemi na maana yake ni waya, wazee walilitumia kwa telegramu kabla halijahamia kwenye sauti.

Zoezi la kwanza halihitaji umeme wala osiloskopu. Nenda darasani na karatasi ya mtihani wa zamani, ile ambayo kila mwaka hupigwa kopi kutoka kwa kopi ya mwaka uliotangulia. Unazijua. Vibanda vya fotokopi vilivyo karibu na vyuo vyetu vimejaa karatasi ambazo alama ya jumla imegeuka doa na kipeo cha 2 hakitofautiki na nukta. Mashine ya fotokopi inajiuliza kila sehemu ya karatasi ni nyeusi kiasi gani. Ikikuta doa inalichukulia kuwa wino, na kopi inayofuata inalirithi doa hilo pamoja na madoa yake mapya. Hakuna kopi inayotoka safi kuliko mama yake.

Kisha mpe mwanafunzi mmoja karatasi hiyo aichape upya. Akifika kwenye tarakimu iliyofifia atasita: ni 3 au ni 8? Hapo liambie darasa lote limtazame, kwa sababu yale anayoyafanya kichwani ndiyo somo lenyewe. Akiamua ni 8 na ikawa ni 8, anaandika 8 mpya, nyeusi tii, kana kwamba kopi thelathini hazikupita. Madoa yote yamefutika kwa uamuzi mmoja. Akikosea, ameandika 3 safi kabisa, na atakayeipokea hatajua kamwe kwamba palikuwa na shaka. Wanafunzi waone pande zote mbili. Dijitali husafisha kwa kuamua, na anayeamua anaweza kukosea bila kuacha alama. Ndiyo maana baadaye utawafundisha biti za ziada za kugundua na kurekebisha makosa, na watajua zinatibu ugonjwa gani.

(Kuna mmoja atakayesema picha zake hupoteza ubora zikipita kwenye WhatsApp ingawa WhatsApp ni dijitali. Mpongeze. Njiani hapakuingia kelele yoyote. Programu yenyewe ndiyo iliyoibana picha ili iwe nyepesi. Akiituma picha ileile kama faili, itafika biti kwa biti. Mjadala wa kubana utafute wiki yake.)

Baada ya karatasi, leta hesabu, na uilete ikiwa na namba za kweli. Chukua njia ya maikrowevu yenye vituo kumi vinavyofanana. Nilianza kazi kwenye njia ya namna hiyo, ya analojia, vituo vikiwa juu ya vilima, na mafundi wazoefu walijua kwa sikio tu kwamba kituo fulani kimeanza kuzeeka. Kila amplifaya hukuza ishara pamoja na kelele iliyoipokea, halafu huongeza ya kwake. Kelele kumi zilizo sawa zikijumlishwa, uwiano wa ishara kwa kelele unashuka kwa desibeli 10, yaani mara kumi. Ukitaka kuurudisha ulipokuwa, kila kituo kitahitaji nguvu mara kumi.

Sasa vifanye vituo vilevile kuwa vya dijitali, kila kimoja kikisoma biti na kuiandika upya. Tuseme modulesheni, yaani namna ya kupakia biti kwenye wimbi, ni BPSK, yenye alama mbili tu, na kila kituo kinakosea biti moja kati ya bilioni. Baada ya vituo kumi makosa ni takriban biti moja kati ya milioni mia. Ili kurudi kwenye moja kati ya bilioni kwa safari nzima, uongeze nguvu kiasi gani? Kama desibeli 0.5, yaani asilimia 12 hivi.

Desibeli 10 upande huu, 0.5 upande ule. Ziache namba hizo ubaoni hadi kipindi kiishe. Kinachozizaa ni mteremko mkali wa makosa. Kwa BPSK, nishati ya biti ikiizidi kelele kwa desibeli 9.6, biti moja kati ya laki moja hukosewa; ongeza desibeli 3 tu na hukosewa moja kati ya bilioni. Waulize pia lile swali nililomwuliza yule kijana: kama kituo cha dijitali kingekuza tu bila kuamua, ingekuwaje? Ingekuwa sawasawa na analojia, kelele juu ya kelele. Faida yote imo kwenye kuamua na kuandika upya.

Lakini usiwaache waamini kwamba faida hiyo ni ya bure. Sauti ya simu tuliikata tangu zamani iwe kati ya hezi 300 na 3400, na katika njia za analojia kila mazungumzo yalipewa nafasi ya kilohezi 4. Ukiigeuza dijitali kwa njia ya kawaida, unachukua sampuli, yaani vipimo vya wimbi, 8000 kwa sekunde, kila sampuli biti 8, jumla biti 64,000 kwa sekunde. Ukizituma kwa ngazi mbili tu, hata katika hali bora kabisa unahitaji kilohezi 32. Umetumia upana wa bendi mara nane kwa mazungumzo yaleyale! Mhandisi Mwingereza Alec Reeves alibuni njia hii mwaka 1937 akiwa Paris, lakini kwa vifaa vya wakati huo haikulipa. Ilibidi transista ije kwanza, na mwaka 1962 ndipo Marekani ilipoanza kuitumia kwenye njia za simu. Kilichokuja kugeuza hesabu ni kubana. Biti zikishakuwa namba, unaweza kuzipigia hesabu, na kodeki (kibana sauti) ya mwanzo ya GSM, mtandao wa simu wa 2G, ilizishusha hadi 13,000 kwa sekunde. Kwenye TV ni vivyo hivyo: chaneli ya megahezi 8 iliyobeba kituo kimoja cha analojia, leo kwa mfumo wa DVB-T2 tulio nao Kenya inabeba vituo kumi na zaidi.

Sasa nije kwenye AM, maana hapo wanafunzi wako wameuliza swali la haki. Kwa nini wajifunze?

Wafundishe jambo moja la AM na ulifundishe vizuri: ukiuzidisha ujumbe kwa wimbi la kosini, unauhamisha mzima mzima hadi kwenye masafa ya wimbi hilo. Ukiuzidisha tena kwa kosini ileile kwenye kipokezi, unaurudisha chini. Halafu waonyeshe kwamba kwenye masafa yaleyale unaweza kupakia ujumbe wa pili kwa wimbi la sini, na hazitagongana, kwa sababu kosini ikizidishwa kwa sini wastani wake ni sifuri. Abiria wawili kwenye kiti kimoja, na hakuna anayemkalia mwenzake. Waandike wenyewe, ukurasa mmoja wa hesabu ya trigonometria, usiwasaidie upesi.

Wakimaliza, sema hivi: ujumbe wa kosini usiwe sauti tena, uwe moja kati ya ngazi 8, na ule wa sini vivyo hivyo. Chora nukta zake ubaoni, 8 kwa 8. Zipo 64, kila nukta inabeba biti 6. Umewachorea 64-QAM, mojawapo ya modulesheni ambazo simu za 4G mifukoni mwao zinazitumia wakiwa wameketi hapo. Mitambo ni ya AM, mizidisho ni ya AM. Kilichobadilika ni swali la kipokezi. Nimeona madarasa mengi yakiamka hapo. Mitaala huweka wiki sita kati ya AM na QAM, na mimi naamini wiki hizo sita ndizo zinazowapoteza wanafunzi. AM na QAM ziweke katika kipindi kimoja.

FM usiipitie mbio, kwa sababu hapa kwetu ni hai. TV za Nairobi zilizima analojia mwaka 2015, mwaka ambao mkataba wa Geneva wa 2006 uliweka tarehe 17 Juni kuwa mwisho, lakini redio ya FM kwenye kila matatu inayotoka Kangemi asubuhi bado ni ya analojia. Mhandisi Mmarekani Edwin Armstrong alipata hataza zake za FM mwaka 1933, na alichokifanya kinaeleweka ukisimama karibu na fundi wa jua kali anayechomelea vyuma ukiwa na redio mbili. Ya AM inatapika kelele kila cheche ikiruka, kwa sababu cheche hubadilisha kimo cha wimbi na AM hukisoma kimo. Ya FM hukinyoa kimo kwanza, kisha husoma masafa yamesogea kiasi gani. Inalipa gharama ya nafasi: masafa yanasogea hadi kilohezi 75 kila upande, sauti inafika kilohezi 15, na kwa kanuni ya Carson unapata mara mbili ya jumla yao, kilohezi 180. AM ingebeba sauti ileile kwa 30.

Na ndani ya FM kuna zawadi. Kituo cha stereo hakirushi sauti tupu. Jumla ya spika ya kushoto na ya kulia inakaa chini, hadi kilohezi 15. Kwenye kilohezi 19 kuna mlio mwembamba wa kuongoza. Tofauti ya kushoto na kulia imepandishwa kuzunguka kilohezi 38, na imepandishwa kwa AM isiyo na wimbi mbebaji, yaani kuzidisha kwa kosini kama tulivyofanya, ileile ambayo wanafunzi huiona kama mateso ya mtihani. Kipokezi kinahitaji kosini ya 38 ili kuishusha, kinaipata kwa kuurudufu ule mlio wa 19. Kisha kwenye 57, mara tatu ya 19, kuna mkondo mdogo wa biti 1187.5 kwa sekunde: jina la kituo linaloonekana kwenye redio ya gari. Yaani ndani ya wimbi moja la FM ya analojia mna AM, na mna dijitali. Ukiwa na mfano huo mmoja unaweza kufundisha nusu ya somo lako.

Kuchukua sampuli ni rahisi kuonyesha kuliko kueleza. Waambie wachukue video kwa simu, rimu za matatu inayoondoka kwenye steji. Gari linakwenda mbele, na kuna mahali rimu zitaonekana zinarudi nyuma au zimesimama. Kamera inachukua picha 30 hivi kwa sekunde, na rimu yenye mikono mitano inayofanana inazunguka haraka kuliko picha hizo zinavyoweza kufuata, basi kamera inaona mzunguko wa uongo. Ukishachukua sampuli chache mno, uongo huo hauwezi kuutoa tena, kwa sababu hauna tofauti yoyote na ukweli. Harry Nyquist aligusa mpaka huo mwaka 1928, Vladimir Kotelnikov akautolea uthibitisho mwaka 1933: sampuli zizidi mara mbili ya masafa ya juu kabisa yaliyomo.

Kwa sauti, tumia Octave, programu ya hesabu ambayo ni ya bure. Rekodi mwanafunzi akiimba, sampuli 48,000 kwa sekunde, kisha chukua moja kati ya kila sita bila kuchuja kwanza. Mlio wa kilohezi 5 utasikika kwenye 3. Usitumie programu ya kawaida ya kuhariri sauti kwa zoezi hili, kwa sababu nyingi zao huchuja zenyewe kimyakimya na kosa unalotaka wasikie halitasikika. Halafu punguza biti: kutoka 16 hadi 8, hadi 4, hadi 2, hadi 1. Kila biti unayoitoa inaongeza kelele kwa desibeli 6. Wataduwaa kwenye biti moja. Sauti imeharibika, inakwaruza kama bati, na bado maneno wanayasikia. Mwache kila mmoja asikie sauti yake mwenyewe ikiwa hivyo.

Kuhusu TV, wanafunzi wako walikuwa wadogo analojia ilipozimwa, lakini wazazi wao wanakumbuka chenga. Picha ya analojia ilikufa polepole: chenga kidogo, chenga nyingi, mtu mmoja juu ya paa anageuza eria na mwingine mlangoni akipaza sauti "hapo hapo, usiguse". King'amuzi hakina maisha hayo. Ishara inadhoofika, picha inabaki safi vilevile, inadhoofika zaidi, bado safi, halafu miraba, halafu giza. Ni ule mteremko wa desibeli 3 ulioachwa ubaoni wiki ya kwanza. Kwa watumiaji wa dishi, mvua za Aprili huonyesha jambo hilo bure, kwani matone hunyonya mawimbi ya masafa ya juu kama yale ya satelaiti. Rudi kwenye mchoro wa mteremko siku hiyo, wakati dari la mabati linapiga kelele na kila mtu anaielewa mvua.

Claude Shannon, baba wa nadharia ya habari, mwachie karibu na mwisho, lakini usimwache nje. Karatasi yake ya 1948 ilitoa mpaka: uwezo wa njia, kwa biti kwa sekunde, ni upana wa bendi mara logi ya kizio cha 2 ya moja jumlisha uwiano wa ishara kwa kelele. Wapigie hesabu laini ya simu ya zamani: hezi 3100, desibeli 30, yaani ishara mara 1000 ya kelele. Inatoka biti 31,000 hivi kwa sekunde. Kisha waambie modemu za laini hizo za kupiga zilifika 33,600 kwenye laini nzuri, zenye kelele pungufu kuliko hiyo, na hapo mlinganyo unaacha kuwa wa kitabuni. Simu ya 4G nayo inaishi ndani ya mpaka huo. Ukiwa karibu na mlingoti inatumia nukta 64 au zaidi, ukisogea mbali inashuka hadi 16, hadi 4, kwa sababu nukta chache zinakaa mbalimbali na kelele haizichanganyi upesi. Kasi inapungua, ujumbe unafika mzima.

Osiloskopu moja isikuvunje moyo. Iweke mbele kwa maonyesho, na kama chuo kinaweza kununua kitu kimoja, kiwe vile vidude vya USB vyenye chipu ya RTL2832U, ambavyo viliundwa kwa ajili ya kupokea TV ya DVB-T na baadaye watu wakagundua vinaweza kuwa redio ya kujifunzia. Vinakupa sampuli za biti 8, kama milioni 2.4 kwa sekunde. Kimoja kinatosha kundi la watano, na programu ya GNU Radio ni ya bure. Wafungue bendi ya FM, watafute ule mlio wa kilohezi 19 kwa macho yao. Kisha waende karibu na megahezi 940 waone GSM: vilima vya kilohezi 200 kila kimoja, upana unaokaribia ule wa kituo kimoja cha FM, ila kila kilima kina nafasi nane za mazungumzo kwa zamu. Waishie kwenye kutazama umbo la mawimbi. Mazungumzo ya watu si yetu, na yeyote anayetaka kujenga mtambo wa kurusha FM ajue kwamba kurusha bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ni kosa la jinai.

Nikupe na swali la mtihani. Liulize kipindi cha kwanza kabla hujafundisha chochote, wajibu nusu ukurasa, uzikusanye karatasi bila kuzisahihisha: "Uko kwenye matatu inayopita Waiyaki Way, mvua kubwa inanyesha. Redio ya dereva inachacharika chini ya daraja kisha inarudi. Simu yako imepungua kasi, lakini ujumbe ulioandikiwa umefika bila herufi hata moja kukosekana. Dada yako anakupigia kutoka nyumbani kusema king'amuzi cha dishi kimeganda. Eleza kila kipokezi kilikuwa kinajiuliza nini." Wiki ya kumi na mbili waulize tena swali hilohilo, na wakimaliza kuandika, warudishie zile karatasi za kwanza wazisome kando ya hizi.